Mwongozo kamili: Kutoka Mombasa hadi kwenye kiti chako BK Arena kabla mpira haujarushwa juu

Sisi watu wa Mombasa tunaokwenda Kigali kuangalia Ligi ya Kikapu ya Afrika, yaani BAL, tunakosea palepale kila mara. Pesa tunachanga, ruhusa kazini tunaomba, na Kigali tunafika salama. Kisha tunaingia ukumbi wa BK Arena wakati robo ya pili inakwisha, au tunakwama mpakani kwa kukosa kadi ya chanjo, au tunatoka mapema kukwepa msongamano na kuachwa na dakika zenye utamu wote.

Nami yalinifika. Safari yangu ya kwanza niliingia wachezaji wakirudi uwanjani kuanza robo ya tatu, na tiketi nilikuwa nayo wiki tatu kabla sijaondoka nyumbani.

Tunaharibikiwa kwa sababu tunapanga safari kuanzia mlangoni kwetu kwenda mbele. Hapa nitaanzia mwisho: ile dakika mwamuzi anaporusha mpira juu katikati ya uwanja. Kila kitu kihesabiwe kwa kurudi nyuma kutoka hapo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Pasipoti au kitambulisho cha taifa. Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, lakini pasipoti hupunguza maswali.
- Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano.
- Tiketi ya mechi kwenye simu, na nakala moja ya karatasi.
- Pesa za Uganda kidogo za njiani, na faranga za Rwanda za siku mbili za kwanza.
- Sweta na koti jepesi la mvua. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani hulisikia baridi la jioni hata kabla hajakaa.
- Pawabenki iliyojaa.
- Mkoba mdogo wa kitambaa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Mabuyu na kashata za njiani zifunge kwa karatasi, maana pakiti ya nailoni huenda ikabaki mpakani.
- Kijitabu na kalamu. Umuhimu wake utauona kwenye hatua ya 5.
- Ukienda na mtoto: hati zake za kusafiria, na viziba masikio. Kelele za ukumbini ni nyingi mno kwa masikio madogo.

## Hatua ya 1: Hakikisha mechi ziko Kigali

BAL haina uwanja mmoja. Inachezwa kwa vituo, na vituo hubadilika msimu hadi msimu. Fainali za 2021 hadi 2024 zilichezwa Kigali. Za 2025 zilikwenda Pretoria, Afrika Kusini. Mwaka huohuo wa 2025 Kigali ilipata mechi za makundi, na ndipo Nairobi City Thunder, timu ya kwanza ya Kenya kuingia BAL, ilipocheza.

Kwa hiyo usitumie ratiba ya mwaka jana wala picha uliyotumiwa na rafiki. Fungua ukurasa wa ligi yenyewe, andika tarehe, jina la ukumbi na timu zinazocheza siku hiyo. Tarehe ya robo fainali na fainali inajulikana mapema, lakini nani atacheza haijulikani mpaka makundi yaishe. Ukitaka kuona timu fulani kwa hakika, chagua siku ya makundi.

## Hatua ya 2: Nenda Makande kwanza

Hatua hii watu huiruka, nami naipenda kuliko zote. Kabla hujatumia nauli ya kuvuka nchi mbili, nenda ukumbi wa Makande hapa kisiwani, nyumbani kwa timu za Mamlaka ya Bandari, wanaume na wanawake. Angalia angalau mechi mbili za ligi kuu.

Sababu ni hii: kikapu cha televisheni na kikapu cha macho ni vitu viwili. Kwenye runinga kamera inakuchagulia pa kuangalia. Ukumbini hakuna wa kukuchagulia, na mgeni hufuata mpira kama paka anayefuata uzi, mwisho akatoka hajui kwa nini timu moja ilishinda.

Makande unakaa karibu hata soli za viatu unazisikia zikilia sakafuni. Mchezaji akiwa kwenye mstari wa mtupo huru, yaani mrusho anaopewa baada ya faulo bila mtu kumzuia, unamwona akidundisha mpira mara tatu, akavuta pumzi, akaukunja mkono. Na mpira ukipita bila kugusa ringi, ule mchakacho wa wavu unaufikia. Hapo ndipo pa kufundishia macho.

Zoezi la mechi ya kwanza: jifunze kusoma saa za aina mbili. Ya kwanza ni saa ya mchezo. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ambazo ndizo zinazotumika kwenye ligi yetu, mechi ni robo nne za dakika 10. Ya pili ni saa ya mashambulizi: timu yenye mpira ina sekunde 24 za kurusha kwenye ringi. Mpira ukigusa ringi na timu ileile ikaudaka, inapewa sekunde 14, si 24. Pia wana sekunde 8 tu za kuvuka nusu ya uwanja.

Hesabu pia faulo za timu. Kuanzia faulo ya tano ndani ya robo moja, timu pinzani hupewa mitupo huru miwili, hata kama aliyechezewa vibaya hakuwa anarusha. Mchezaji mwenyewe akifikisha faulo tano anatoka moja kwa moja. Ukizijua hizi, utaelewa kwa nini kocha anamtoa nyota wake mapema ukumbi mzima ukishangaa.

Zoezi la mechi ya pili ni gumu zaidi: kwa robo nzima, muangalie mchezaji mmoja asiye na mpira. Tazama anavyokwenda kumkingia mwenzake njia, anavyojificha pembeni, anavyonyoosha mikono kuomba pasi asiyoipata. Nusu ya mpira wa kikapu iko huko.

Utajua uko tayari ukiweza kumwambia jirani yako, bila kuangalia ubao, ni timu ipi iliyokaribia faulo ya tano.

## Hatua ya 3: Nunua tiketi ya mechi kabla ya nauli

Nunua kupitia kiungo kilichotolewa na ligi au ukumbi. Mtu anayekuambia kwenye mtandao kwamba ana tiketi "ya ziada" mpe salamu, pesa zako weka.

Soma tiketi maneno yote. Je, ni ya mechi moja au ya siku nzima? Mara nyingi siku ya makundi ina mechi mbili, na wengine hutoka baada ya ya kwanza wakati kiti bado ni chao. Tazama pia lango la kuingilia na masharti ya mikoba.

Kuhusu kiti, huu ndio ushauri wangu wa dhati: ukiwa na pesa za kati, kaa ubavuni mwa uwanja, karibu na mstari wa kati, safu chache kwenda juu. Nyuma ya ringi unaona vizuri upande mmoja tu. Ule mwingine ni mita 28 kutoka kwako na wachezaji wanafunikana. Chini kabisa unaona sura na jasho lakini umbo la mchezo linakupotea. Juu ubavuni unaona wachezaji wote kumi kwa mara moja, na ndiyo sababu hata bei nafuu za juu nazipenda kuliko za nyuma ya ringi.

## Hatua ya 4: Chanjo, siku kumi na zaidi

Ukienda kwa barabara utapita Uganda, na Uganda huulizia kadi ya manjano. Chanjo huhesabika kuanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya kuchomwa. Ukichomwa Jumatatu ukasafiri Ijumaa, kadi unayo lakini bado hujakamilisha siku, na afisa wa afya ana haki ya kukukatalia.

Nenda kituo kilichoidhinishwa, upate kadi yenye muhuri na jina lililoandikwa sawasawa na la pasipoti. Ukichanjwa mara moja inatosha maisha yako yote, kwa hiyo itunze mahali pakavu. Unyevu wa huku kwetu unajulikana kwa kula karatasi.

## Hatua ya 5: Hesabu saa kwa kurudi nyuma

Hapa ndipo pa kutulia, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka.

Rwanda iko nyuma ya Kenya kwa saa moja. Mechi ya saa kumi na moja jioni Kigali ni saa kumi na mbili jioni Mombasa. Uganda wana saa kama yetu, kwa hiyo saa haibadiliki Busia wala Malaba. Inabadilika ukivuka kuingia Rwanda.

Kosa langu la safari ya kwanza lilikuwa hivi. Nikiwa nyumbani niliona mechi ni saa kumi na moja ya Kigali, nikajibadilishia, nikaandika "saa kumi na mbili". Hesabu ilikuwa sahihi kwa mtu aliye Mombasa. Nilipofika Kigali simu ikajirudisha saa moja nyuma yenyewe. Nikatazama kijikaratasi changu, nikatazama simu, nikaoga bila haraka. Saa kumi na mbili ya Kigali nikawa mlangoni, na mechi ilikuwa imeshakula saa nzima.

Dawa yake: usiibadilishe saa ya mechi kamwe. Iandike kama ilivyo kwenye tiketi, ukiongeza neno KIGALI mbele yake.

Kuna mtego wa pili, nao ni wa lugha yetu. "Saa 11" ya mdomoni ni jioni au alfajiri. "11:00" ya tiketi ya basi huenda ni saa tano. Muulize karani: asubuhi au usiku, saa ya Kiswahili au ya Kizungu? Akikujibu, mwombe aandike kwa tarakimu 24. Saa 17:00 haina utata.

Sasa chukua kijitabu. Tuseme mechi ni Jumamosi 17:00 KIGALI. Andika kuanzia mwisho ukirudi nyuma:

- Jumamosi 17:00: mpira unarushwa juu.
- Jumamosi 16:30: uko kitini, unaangalia timu zikipasha mwili.
- Jumamosi 15:30: uko langoni.
- Ijumaa: siku ya akiba. Usiipangie kitu kinachokulazimu kuwa mahali fulani.
- Alhamisi usiku: unaingia Kigali.
- Jumatano jioni: basi linaondoka Nairobi. Safari huchukua kama saa 24, na foleni za mpakani hazina ratiba.
- Jumatano asubuhi: unafika Nairobi.
- Jumanne usiku: unapanda basi Mombasa.

Siku ya akiba ndiyo watu huikata ili kuokoa pesa ya chumba. Usiikate. Lori moja likilala barabarani, ama foleni moja ikivimba mpakani, siku hiyo ndiyo itakayokununulia mechi yako.

Angalia pia kalenda: Jumamosi ya mwisho wa mwezi Wanyarwanda hufanya umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Usafiri hupungua sana. Ukipanga kuingia Kigali asubuhi hiyo, utakaa.

## Hatua ya 6: Njia

Kwa ndege, Nairobi hadi Kigali ni kama saa moja na nusu, na Remera, mtaa wenye ukumbi, hauko mbali na uwanja wa ndege. Mwenye uwezo apande, hana la kujadili.

Sisi wa basi: Mombasa hadi Nairobi, kisha Busia au Malaba, Kampala, Mbarara, Kabale, Gatuna, Kigali. Ukichukua treni ya SGR kutoka Miritini, kumbuka inakushusha Syokimau, si mjini. Acha saa tatu kamili kabla ya basi la Nairobi.

Mpakani shuka na nyaraka zako zote mkononi, si ndani ya begi lililo chini ya basi. Badilisha pesa kwenye duka la kubadilisha fedha, si kwa kijana anayekufuata na kitita. Ukikamilisha, rudi karibu na basi lako na usimame mahali utingo anakuona, maana giza likiingia mabasi yote hufanana.

## Hatua ya 7: Kuingia Kigali

Rwanda magari hupita kulia. Sisi tumezoea kutazama kulia kwanza tunapovuka. Kule gari linakujia kutoka kushoto. Vuka kwenye alama, na utazame pande zote mbili mara mbili.

Bodaboda wao huziita moto. Abiria ni mmoja tu, na kofia ya chuma ni lazima. Hakuna kubebana wawili, hata mkiwa mume na mke mnaokwenda mahali pamoja. Pataneni bei kabla ya kupanda.

Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini mtaani Kinyarwanda ndicho kinachotawala. Jifunze "muraho" na "murakoze" kwa adabu tu. Ukikumbuka nyumbani, nenda Nyamirambo: mtaa wa Waislamu wa siku nyingi, wenye misikiti na watu wanaozungumza Kiswahili. Mimi hulala huko na kwenda Remera siku ya mechi.

## Hatua ya 8: Kutoka chumbani hadi kitini

BK Arena iko jirani na uwanja wa Amahoro, na inachukua kama watu 10,000. Kila dereva anaijua.

Kula kabla ya kwenda. Kunywa maji, lakini usibebe chupa langoni. Kaguliwa bila haraka. Mwenye mkoba mdogo hupita upesi, na mwenye begi la safari hurudishwa hadi apate pa kuliacha.

Kwa wanaoswali: Kigali jua huzama karibu saa kumi na mbili, kwa hiyo mechi ya 17:00 inapitiwa na Magharibi. Mapumziko ya nusu mechi ni dakika 15, na foleni za ngazi huzimaliza. Msafiri ana ruhusa ya kuchanganya Magharibi na Isha. Weka nia hiyo mapema ili usihangaike.

Fika wakati wa kupasha mwili. Si mapambo. Tazama nani anarusha kutoka mbali bila kukosa, nani anafunga goti kwa bendeji, nani anakaa benchi na suti. Mstari wa pointi tatu, ambao kikapu kinachofungwa kutoka nyuma yake huhesabiwa tatu badala ya mbili, ni mita 6.75 kutoka kwenye ringi. Ukimwona mtu amefunga sita mfululizo kutoka hapo, utajua kwa nini baadaye wanamkaba watu wawili.

Umefaulu hatua hii ikiwa taa zinapozimwa kwa utambulisho wa wachezaji umeketi, simu ina chaji, na hujui kiu wala haraka.

## Hatua ya 9: Usiondoke dakika mbili za mwisho

Sisi tumekulia kwenye mpira wa miguu. Timu ikiongoza kwa mabao matatu dakika ya 88, watu wanaanza kutafuta matatu za kurudi nyumbani. Kwenye kikapu hilo ni kosa kubwa.

Dakika mbili za mwisho za robo ya nne huweza kuchukua robo saa. Saa ya mchezo husimama kila kikapu kinapoingia. Timu inayofuata nyuma hufanya faulo kwa makusudi: mpinzani apige mitupo huru, wapate mpira upya haraka. Kocha akiomba mapumziko baada ya kufungwa, timu yake inaweza kuanzia mpira mbele ya uwanja badala ya kuupandisha wote. Pointi tano zinafutika kwa pointi tatu moja, mpira mmoja ulioporwa, na kikapu kimoja. Na sare hakuna. Wakilingana, zinaongezwa dakika tano.

Niliwahi kukaa karibu na mzee aliyevaa kanzu na shali ya timu ya Rwanda. Sekunde 40 zilipobaki, timu yake ikiwa nyuma, vijana mbele yetu waliinuka kuondoka. Mzee akaushika mkono wa mmoja wao, akamwonyesha ubao wa faulo kwa kidole, bila kusema neno. Kijana akasoma, akakaa. Sote wanne tukaikodolea macho ile namba 5 nyekundu, na mchezaji akasogea mstarini na mpira.

## Hatua ya 10: Kutoka

Kaa kitini dakika kumi baada ya kipenga, watu wapungue. Tembea mita mia kadhaa mbali na lango ndipo utafute moto au gari. Bei pale langoni na bei ya mbele kidogo si moja.

Tiketi ya basi la kurudi iwe ya kesho yake, si ya usiku uleule, kwa sababu ya zile dakika tano za nyongeza. Na ukivuka kurudi Uganda, simu itasogea saa moja mbele. Iache isogee, kisha ufungue kijitabu ukate neno KIGALI.